Unisemeshe Usoni

Nimeambiwa kwamba munanisema. Ninyi vijana wa hapa Mikelenge, munaopita mbele ya nyumba yangu na kinga zenu, yaani baiskeli, zimebeba mihogo na mawese, munasema: “Ule muzee Alfonsi iko na kiburi. Unamusalimia jambo, anakupa mugongo.” Mujukuu wangu Feza njo aliniletea maneno hayo, na hakuyapunguza hata kidogo. Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu nikamunyang'anya kaye yake moja, daftari la shule, nikaanza kuandika. Ningeweza kuwaita muje tuongee, lakini nimeona afadhali kuandika, na sababu mutaipata mbele. Musiwe na haraka, hata treni ya zamani haikuwa na haraka.

Mimi nilikuwa kantonye. Kantonye njo mutu wa kutunza njia ya reli: anakaza mabuloni, yaani boliti, anashindilia kokoto, anafyeka majani, anaondoa chuma kilichochoka na kuweka kingine. Treni ikipita vizuri, hakuna anayekumbuka kama kantonye yuko duniani. Ikianguka, jina lake linaitwa haraka sana.

Niliingia kazi hiyo wakati wa Wabeleji, nikiwa kijana mwenye bibi wa ndoa na mutoto mumoja. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri, ninajua Kifaransa cha kuomba na cha kuandika barua, na nilijiona mutu mukubwa kweli. Kampi yetu ilikuwa nje ya Kindu, kwenye njia ya Kibombo: nyumba chache za matofali, mulingoti wa bendera katikati, na musitu pande zote. Nyumba zilikuwa za kazi. Ukifukuzwa kazi, unafukuzwa na nyumba pia, weye na bibi na watoto na kuku wako. Hilo mulishike, litarudi.

Kapita wetu, yaani mukubwa wa ekipe, kikundi chetu cha kazi, aliitwa Asumani. Mutu wa kule Tunda, Mwislamu, askari wa zamani. Alikwenda vita mpaka Abisinia, akarudi na medayi mbili na kovu la shingo. Tulimuita Pekupeku, lakini si mbele yake, maana hakuvaa viatu hata siku moja. Sikukuu ya bendera alitundika medayi zake juu ya shati iliyopigwa pasi, na chini nyayo tupu, nene sawa ngozi ya kiboko.

Kazi aliipenda, weee! Sisi tunafika kwenye njia tunapiga miayo, yeye amekwisha kutembea kilometa mbili na kurudi. Na pori alilipenda kuliko kazi. Ile nyumba ya matofali alimuachia bibi na watoto, yeye alilala barazani, akisema matofali ni ya wagonjwa. Siku ya pumuziko alitoka na watoto wake saba wote, Mama Zaina bibi yake na kitunga kichwani, yule kitinda mimba juu ya mabega ya baba, wanapotea musituni mpaka jioni. Wanarudi na uyoga, asali, samaki wa Lualaba, na matope mpaka kwenye nyusi. Watoto wengine wa kampi walilia wachukuliwe. Alichukua na hao.

Sasa sheria zake. Ya kwanza nilipewa siku ileile ya kuingia kazi. Nilimukuta amesimama kwenye njia, nikamusalimia nikiwa nyuma yake. “Jambo, Kapita.” Kimya. “Jambo sana, Kapita!” Kimya. Nikazunguka mbele uso umenuna, tayari kurudi kwetu Lubutu kwa miguu. Akanitazama midomo, akasema:

“Kijana, unisemeshe usoni. Kwa jeshi mutu haongei na mugongo wa mwenzake. Anayeongea na mugongo ni muchongezi.”

Niliona haya mpaka nikaomba radhi. Na sheria hiyo ilikuwa imeenea kampi yote. Watoto walikatazwa kumuita mutu kwa nyuma. Wanawake wakigombana kisimani, mumoja anamuambia mwenzake, “Geuka kwanza, nikutukane usoni!” Na kweli umbeya ulipungua pale kwetu, maana umbeya unachoka ukitazamana macho kwa macho. Tukasema, angalia hekima ya muzee.

Sheria ya pili: reli inaongea na nyayo. Kila asubuhi alipanda juu ya chuma na miguu mitupu, akasimama kimya, kisha akatuambia kama kuna kitu kinakuja. Akipiga reli na nyundo, hakuinamisha sikio kama sisi. Alishika mupini kwa vidole viwili tu. “Hapa kuna ufa.” Tunasugua kutu, tunaona ufa mwembamba sawa unywele. Hiyo kazi nilijifunza kwake, na mimi nilikuwa na masikio mazima, lakini ninawaambia, mukono unasikia mapema kuliko sikio. Mutu wa leo anayetengeneza moto zenu, pikipiki, pale stesheni akiweka kiganja juu ya moteri, musimucheke.

Nisijifanye kwamba nilikuwa mwerevu. Mwezi wa kwanza nilitia aibu ekipe nzima. Tulibadilisha reli asubuhi, baridi bado, ukungu wa Lualaba haujainuka. Mimi, mutu wa shule, nikaona ni kazi chafu kuacha nafasi kati ya chuma na chuma. Nikazibana zikabusiana, nikakaza mabuloni mpaka mishipa ikanitoka. Saa sita jua likawaka, chuma kikarefuka, kikakosa pa kwenda, na njia ikajikunja pembeni sawa nyoka aliyekanyagwa mukia. Ekipe ikaitazama ile kitu, kisha ikanitazama mimi. Kapita hakunipigia kelele. Alichomoa kisu chake, akanionyesha mugongo wa hicho kisu.

“Asubuhi ya baridi, uache nafasi ya kupita mugongo wa kisu. Weye na bibi yako munalala kitanda kimoja, hapana? Joto likija kila mutu anatafuta pembeni yake. Chuma pia ni vile.”

Watu walicheka mpaka wakaangusha nyundo. Treni ya siku ile ilingojea stesheni kwa ajili ya Alfonsi.

Halafu kulikuwa na Bwana Kilometa. Huyo alikuwa Mubeleji mukubwa wa sehemu yetu. Jina tulimupa sisi, maana alipima kila kitu, hata kivuli tulichopumuzikia. Alikuwa na dresine, kagari kadogo ka moteri kanakokimbia juu ya reli, na alikuwa na ujanja wake: akifika kwenye muteremuko anazima moteri, anakuja kimyakimya ili atukute tumekaa. Hakutukuta hata mara moja. Sisi wenye masikio hatujasikia kitu, Kapita anainua mukono: “Mutoke!” Tunatoka, tunajipanga, tunavua kofia, na Bwana Kilometa anatokea kwenye kona amekunja uso. Kampi yote iliamini Kapita ameleta dawa kutoka Abisinia. Mimi mwenyewe, Mukatoliki wa kubatizwa, niliamini.

Huyo Bwana alikuwa na masharubu makubwa yamefunika mudomo wote. Akitoa amri, Kapita anajibu, “Ndiyo, Bwana.” Kila kitu ndiyo, Bwana. Siku moja Bwana akauliza: nani amevunja sepetu, ni wewe? “Ndiyo, Bwana.” Akanyimwa chumvi na samaki wa wiki nzima kwa sepetu ambayo niliivunja mimi. Tukasema, baba huyu anabeba makosa yetu. Na dresine ikiisha kuondoka, daima ananiita: “Alfonsi! Ambia ekipe Bwana amesema nini, nione kama ulisikia vizuri.” Mimi ninasimama mbele yake, ninarudilia yote neno kwa neno, kifua mbele. Nilifikiri ananifundisha ukubwa.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu ule mwingine, ule usiochekesha.

Nilimupenda yule muzee. Baba yangu alikufa mimi bado mudogo, na Kapita alinifundisha mambo ambayo baba anafundisha. Na kwa sababu nilimupenda, niliona haya kwa ajili yake. Mutu wa medayi mbili, anapita pekupeku mbele ya Wazungu! Nikachukua kalamu, nikamuandikia Bwana Kilometa Kifaransa chote nilichokuwa nacho. Niliomba botini kwa ekipe yetu, na kwanza kabisa kwa Kapita, askari aliyelinda bendera. Sikumuambia mutu. Nilitaka ashituke kwa furaha.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, kwenye lapeli, yaani wakati wa kuitwa majina chini ya bendera, Bwana Kilometa akaja na sanduku. Botini! Nyeusi, ngumu, zinanuka ngozi na mafuta. Akasema kuanzia leo muguu mutupu ukionekana kwenye njia yake, mwenye muguu aende kwao.

“Ndiyo, Bwana,” akasema Kapita. Kisha: “Alfonsi, ambia ekipe.”

Nikasimama mbele yake, nikayarudilia kwa furaha, nikaongeza kwamba barua niliandika mimi. Nikaona uso wake unashuka. Macho yakabaki kwenye zile botini muda murefu. Nikafikiri ni machozi ya shukrani. Ee Mungu wangu, ndiyo nilifikiri vile!

“Aksanti, mwanangu,” akasema.

Siku ya kwanza alitembea sawa kuku aliyefungwa kamba muguuni. Tulicheka. Siku ya pili hakuinua mukono hata mara moja. Treni ya mizigo tuliisikia sisi kwanza, tukamuvuta. Tukacheka tena, tukasema dawa ya Abisinia haipendi ngozi ya Wazungu. Siku ya tatu hatukucheka.

Ilikuwa karibu na saa nne. Ekipe ilikuwa pembeni inakunywa maji. Mimi nilikuwa ninafyeka majani, hatua ishirini kutoka njiani. Kapita alisimama katikati ya reli, kichwa juu, anafuata nyuki kwa macho. Kulikuwa na nyuki wanaingia na kutoka kwenye muti mumoja mukubwa, na nilijua anachofikiri: siku ya pumuziko, watoto, asali. Alikuwa anatabasamu peke yake.

Nikasikia magurudumu. Dresine imekwisha kuingia kwenye kona, moteri imezimwa, inateremuka.

“Kapita! Dresine!”

Hakugeuka.

“Kapitaaa!” Ekipe nzima ikapiga kelele. Watu kumi, sauti kumi, ndege wakaruka kutoka kwenye miti. Yeye anatazama nyuki. Bwana Kilometa akapiga honi ya dresine. Yeye anatazama nyuki! Palepale, mbele ya macho yangu, yule mutu ambaye nilifanya kazi chini yake miaka yote ile akageuka kuwa mutu mwingine. Hasikii. Si leo tu. Hajasikia kamwe.

Kukimbia sikuweza kumufikia. Nikaokota kokoto, nikamurushia kwa nguvu zangu zote. Ilimupiga katikati ya mabega. Aligeuka na hasira ya simba, akaniona mimi mukono bado juu, kisha akaona dresine, akajitupa kwenye majani. Kile chuma kilipita palepale alipokuwa amesimama. Kilikamata ncha ya botini moja na kuipasua.

Vijana, nilikuwa nimemupiga muzee wangu kwa jiwe. Kwetu hiyo inaleta laana.

Bwana Kilometa akafunga breki, akarudi kwa miguu, mwekundu. Yeye hakuona mutu asiyesikia. Aliona kantonye anarushia kapita wake jiwe, mbele ya dresine, mbele ya Muzungu. Akasema maneno mengi ndani ya yale masharubu, akinionyesha kidole.

“Ndiyo, Bwana,” akasema Kapita.

Dresine ikaondoka. Kapita alikuwa na majani kwenye nywele. Akapangusa uso, akaniita kama siku zote:

“Alfonsi. Ambia ekipe Bwana amesema nini.”

Sasa nilielewa yote kwa mara moja: ndiyo Bwana, na sepetu, na unisemeshe usoni. Kumbe! Nikasogea mbele yake. Nikafungua mudomo vizuri ili aone kila neno.

“Amesema mimi ni muasi. Amesema kesho kwenye lapeli nipigwe fimbo nne. Amesema weye njo utanipiga.”

Alinitazama midomo mpaka nimemaliza, na akaendelea kuitazama nilipokuwa nimekwisha kunyamaza.

Saa kumi, jua bado juu, Mama Zaina akaja kwangu. Bibi yangu Bernadeta alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akamupa kiti. Mama Zaina hakukaa.

“Baba Felisi,” akaniambia, kwa jina la mutoto wangu, “uliona nini leo?”

“Mama, niliona Kapita hasikii.”

Akafunga macho. Kisha akasema yote amesimama. Masikio yalikufa Abisinia, karibu na muzinga wa vita. Moja siku ileile, lingine polepole njiani kurudi. Alipofika Tunda hakusikia hata kilio cha mutoto wake wa kwanza. Mama Zaina njo alimufundisha. Kila jioni walikaa uso kwa uso, yeye anaongea bila sauti, mume anakamata neno kwenye midomo, mpaka akajua. Nyayo alijifundisha mwenyewe.

“Na watoto?” akauliza Bernadeta, muchi mukononi.

“Wote saba wanajua. Hata ule mudogo.”

Aka! Yule mudogo bado anabebwa mabegani! Watoto saba, kila siku wanacheza na watoto wa kampi, na hakuna hata mumoja aliyeteleza ulimi.

“Munasema anapenda pori,” akasema Mama Zaina. “Anapenda, tangu mudogo anapenda. Lakini pori pia halimusalimie kwa mugongo. Anapumuzika kule.” Akanigeukia. “Baba Felisi, ukisema kwa nini ulirusha jiwe, Bwana atamufukuza. Tunakwenda wapi na watoto saba? Ukinyamaza, utapigwa. Nimekuja kukuomba kitu ambacho haifai kuomba.”

“Fimbo nne haziue mutu, Mama.”

“Mugongo ni wa nani?” Bernadeta akaruka. “Fimbo ya kiboko inapasua nyama, unaijua? Na jina la muasi utalivua namna gani?” Kisha akamutazama Mama Zaina, akaweka muchi chini, akaanza kulia naye. “Basi. Nitachemusha maji na majani ya kukanda.”

Asubuhi kampi yote ilikuwa pale. Wanawake na watoto waliitwa pia, ili waone. Bwana Kilometa alimupa Kapita ile fimbo. Nikavua shati, nikalala kifudifudi, shavu kwenye mchanga. Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza. Niliona botini za Kapita zinakuja mbele ya macho yangu, ile moja imepasuka ncha.

Zikasimama. Zikabaki pale. Kisha nikaona kitu ambacho sikukifikiri: mikono yake inateremuka, inafungua kamba. Akavua botini ya kwanza. Akavua ya pili. Akazipanga sawasawa juu ya mchanga, na fimbo akailaza juu yake.

“Bwana,” akasema, sauti kubwa ya kijeshi. “Mimi ni kiziwi. Tangu vita. Huyu mutoto aliniita, sikusikia. Jiwe lake njo limeniponyesha. Kama iko mutu wa kupigwa, ni mimi.”

Niliinua kichwa. Mama Zaina alikuwa ameshika mudomo kwa mikono miwili, watoto saba wamemuzunguka.

Bwana Kilometa hakuamini. Akazunguka nyuma ya Kapita, akatoa firimbi mufukoni, akaisogeza karibu na sikio lake, akapuliza kwa nguvu zote. Watoto waliruka. Mbwa walikimbia. Mimi niliziba masikio pale chini. Kapita hakupepesa hata jicho. Alikuwa anatutazama sisi, ekipe yake, akisoma kwenye nyuso zetu kitu gani kinafanyika nyuma yake. Na aliposoma, alitabasamu kidogo kwa haya. Nimeona watu wamekatwa na treni, vijana, lakini ile tabasamu njo inanirudilia.

Firimbi ikashuka. Yule Bwana alivua kofia, akauliza kitu polepole. Kapita akanitazama mimi. Nikainuka na mchanga wangu kifuani, nikasimama mbele yake.

“Anauliza: basi nani alikuwa anasikia dresine yangu siku zote?”

“Nyayo,” akajibu Kapita.

Sikupigwa. Lakini kiziwi hawezi kuwa kwenye njia ya treni, hiyo ilikuwa sheria ya kazi, na kwa sheria hiyo alipewa siku tatu kutoka kampi. Nilikwenda kwake nikamukuta anafunga mikeka. Nilianguka kwenye magoti, nikasema barua ile niliandika mimi, mimi njo nimekuvunjia nyumba, Baba. Nililia mpaka maneno yakachafuka. Akanikamata kidevu, akakiinua.

“Usilie unaongea, sioni midomo.” Akangojea. Nikarudilia. Akacheka, kweli alicheka, na medayi zake zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa pale pembeni. “Botini zako zilikuwa nzuri, mwanangu. Ziliniziba masikio tu.”

Ekipe nzima ilimubebea vitu. Akaja hapahapa Mikelenge, kule chini karibu na mutoni, wakati pori lilikuwa bado pori. Siku zetu za pumuziko tulikuja kumujengea nyumba, na yeye, kama kawaida, akalala barazani. Alilima, akavua, akawalisha wote saba kwa mikono yake, na aliniambia mara nyingi kwamba tangu aliposema lile neno pale kwenye lapeli, shingo yake ilipona maumivu ya miaka. Hakuna tena kugeukageuka kumutafuta anayeita. Wapita njia wote walijua: ukimutaka Muzee Asumani, pita mbele. Nami nilipostaafu nilijenga jirani na alipozikwa. Njo maana niko hapa.

Turudi kwenye jambo zenu. Ile siku nilipokuwa nimenuna juu ya maneno yenu, nilikaa nyuma ya nyumba ninatia jembe mupini. Feza akasimama nyuma yangu, akaniita. Mara tatu, aliniambia baadaye. Kisha akachukua sahani ya chuma akaibamiza chini. Kuku walikimbia, na hiyo niliiona, nikashangaa kuku wanakimbia nini. Mutoto akazunguka mbele yangu analia.

“Nani amekupiga?” nikamuuliza.

Yo! Mimi! Mimi niliyeona yote hayo kwa macho yangu! Miaka miwili sasa ninawagombeza watu wa nyumba hii: adabu, mutu anasemeshwa usoni, anayeongea na mugongo ni muchongezi. Nilidhani ninawafundisha tabia njema ya zamani. Nilijidanganya mwenyewe, na kwa maneno ya Kapita.

Kapita alisema mbele ya fimbo, na alikuwa na nyumba ya kupoteza. Mimi nyumba yangu hakuna wa kuninyang'anya. Basi ninaandika kwa mukono wangu, na Feza atawasomea: mimi Alfonsi, kantonye wa zamani, masikio yangu yamekufa. Si kiburi. Ukitaka kunisalimia, shuka kwenye kinga yako, zunguka mbele, simama nione midomo yako.

Nitaitika.